Tarakimu Nzuri

Ukungu wa Loleza haujaamua bado kama ushuke au upande,
na foleni ya Alhamisi imeshafika mlangoni:
akina mama wenye matope ya Rungwe viatuni,
watoto wenye madaftari.
Kliniki yangu ni ya madaftari kuliko dawa.

Gwamaka, miaka kumi na mmoja, wa Isongole,
analiweka lake mezani kama mtu anayelipa deni.
Jalada la kaki, pembe zimeliwa na unyevu.
Nafungua.
Asubuhi: sita. Jioni: sita nukta moja.
Asubuhi: tano nukta tisa. Jioni: sita.
Wiki sita zimenyooka kama mistari ya chai ya Katumba,
bila homa, bila kipaimara cha jirani,
bila ndizi moja ya wizi.

Nimesoma madaftari mengi, mwanangu.
Sukari ya mtoto ni mbuzi aliyekata kamba:
leo yuko darini, kesho yuko korongoni.
Na wino huu ni wa siku moja,
mkono uliokaa kitako jioni moja
ukaandika wiki sita kabla mafuta ya taa hayajaisha.

Damu haina adabu ya daftari.
Niliipa mashine tone, na mashine haimjui mtu:
miezi mitatu ya utamu,
kumi na mbili nukta nne.

Bibi yake ameketi kimya, kapu la viazi mapajani.
Ni yeye aliyenisimulia, mwaka juzi,
sisimizi walivyojipanga nyuma ya nyumba
pale mtoto alipokojoa usiku,
alivyomaliza ndoo ya maji na bado akalilia kiu,
pumzi ikinukia ndizi zilizovundikwa,
majirani wakitaja majina ya wachawi.
"Sisimizi ndio waliopima kwanza," alisema. "Ninyi mmefuata."
Ni yeye aliyezika chungu migombani,
chungu ndani ya chungu, mchanga katikati,
akaunywesha ule mchanga maji asubuhi na jioni
ili insulini isione joto.
Nilimwambia baridi ya Isongole inatosha.
Akanijibu: mgeni dhaifu hulazwa pazuri.

Nafunga mlango. Namuuliza polepole.
Anatazama kidole chake,
ncha imekuwa ngumu kama ya mshona viatu.
Vijiti viliisha, anasema,
viazi vilipoozea shambani.
Kopo la vijiti ni gunia zima,
na bibi angeuza blanketi.
"Kwa hiyo nikaandika namba unazozipenda."

Namba ninazozipenda.
Kumbe nilikuwa nikitabasamu.
Kumbe kila sita niliizungushia duara jekundu,
nikaandika *vizuri sana*, kama mwalimu, kama mpumbavu,
na mtoto akajifunza somo nisilolifundisha:
kwamba daktari naye hulishwa.

Sikumgombeza. Droo ya tatu, nyuma ya glavu,
yalikuwamo makopo mawili aliyoyaacha mama yake Tumpe.
Habari za Tumpe sizisemi leo.
Nikampa yote mawili.
"Haya, tone."
Akatoboa mwenyewe, ubavuni mwa kidole, bila kukunja uso.
Sekunde tano, sisi watatu, vichwa vimegusana
juu ya kioo kidogo, kama watu wanaoota moto.

Kumi na tisa nukta tatu.

"Iandike."
Akaandika. Ile tisa iliteleza
ikaangukia mstari wa chini.
Niliitazama kwa muda mrefu,
kalamu yangu nyekundu ikiwa mfukoni.

"Ni nzuri?" bibi akauliza.
"Ni mbaya sana," nikasema,
nikavuta kiti karibu,
tukaanza kuhesabu uniti.